Uhda ya Haroub

Kila Jumatano alasiri ufunguo wa kabati ulishuka mlimani ndani ya mfuko wa kanzu ya Haroub Nassor, ukalala Ruwais, Jeddah, Alhamisi na Ijumaa, na Jumamosi alfajiri ukapanda tena. Kabati lenyewe lilibaki huko juu, kupita Taif, kwenye ukumbi wa theluji ambako Haroub alikuwa mtunza stoo. Na ndani ya kabati ilibaki mashine ya kushtua moyo, ile ambayo mtu akianguka na moyo ukasimama hubandikwa kifuani, ikampiga umeme, na Mungu akijaalia moyo ukarudi kazini. Sasa mtu mwenye akili zake atauliza ukumbi ule unajaa siku gani. Unajaa Alhamisi na Ijumaa. Siku za mapumziko watu wa Jeddah na Makka hupanda na watoto wao kwenda kuteleza na mbao miguuni, wanene kwa wembamba, wenye sukari na wenye presha. Yaani siku ambazo mashine ingehitajika ndizo siku ambazo ufunguo wake uko chini ya mto wa Haroub, safari ya zaidi ya saa mbili kwa gari.

Hakuwa mjinga, wala hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye uhda. Katika nchi ile, kitu cha kazi ukikabidhiwa unatia saini karatasi, na kuanzia hapo kitu kile ni uhda yako. Kikipotea, kikivunjika, kikipungua hata msumari, anayeulizwa ni wewe. Na mpaka ujibu hupati barua ya kuachiwa, na bila ya barua ile huhami kwa kafili mwengine, yaani tajiri anayekudhamini, husafiri, hufanyi lolote, unakaa tu kama mzigo uliosahauliwa bandarini. Mtunza stoo aliyemtangulia Haroub, Msudani mmoja mpole, alipotelewa na pampu ya maji. Miaka miwili alilala mle mle stoo akiisubiri barua, baba yake akafa huko kwao, akazikwa, na pampu haikuonekana. Haroub ndiye aliyekuwa akimpelekea chai. Mtu akishaona hayo, humwambii tena habari ya kuacha kabati wazi.

Miaka michache nyuma pipa la mafuta lilikuwa limepanda bei mpaka wakubwa wakaona hakuna kisichojengeka. Tajiri mmoja wa Riyadh akaamua kujenga theluji juu ya mlima wa mawe. Akaleta mitambo, akaleta mbao za kutelezea, akaleta wafanyakazi kutoka kila pembe ya dunia, na nje ya mlango manyani wa mlimani wakawa wanakuja kukaa mstari mmoja, kupunga baridi inayovuja. Pesa zote hizo, na pa kuitundika mashine ya kuokoa roho ya mtu hapakupatikana. Ilikuja kutoka makao ya kampuni yake Riyadh na karatasi ya uhda, Haroub akaitia saini, akaifungia.

Na Haroub alikuwa na sababu nyengine ya kuifungia, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwakosesha usingizi yeye na mkewe Nunu. Kampuni ilikuwa imemwambia kwamba kazi ya stoo sasa ni ya wenyeji, na ikama yake, kibali cha kukaa nchini, haitafanywa upya. Ikama ilikuwa inakwisha mwisho wa Shaaban. Alikuwa amepata kafili mpya, mfanyabiashara wa vigae mtaa wa Al-Safa, mtu wa maneno machache, ambaye alimwambia wazi: niletee barua ya kuachiwa kabla ya Shaaban kwisha, vyenginevyo nina watu mia wa kuchukua nafasi yako. Haroub alikuja Jeddah ana umri wa miaka minane, mkononi mwa baba yake, mwaka ule walipotoka Unguja usiku na nguo za mwilini. Sasa alikuwa na miaka hamsini na mbili. Watoto wake watatu wamezaliwa Ruwais, na mkubwa wao, Jokha, alikuwa anamaliza skuli. Wakitolewa, wanakwenda wapi? Hakuna aliyeliuliza swali lile kwa sauti.

Nunu alichoka. Alichoka na ufunguo chini ya mto, alichoka na mume anayeamka kuupapasa, alichoka na daftari lake la stoo linaloletwa mpaka kwenye mkeka wa kulia. Siku moja alimuuliza kama ameoa yeye au ameoa kabati. Haroub akamjibu kwamba kabati likimwacha yeye, wataachika wote watano.

*

Aliyekuwa hakubali ni Nyokabi, muuguzi wa ukumbi, Mkenya wa Nyeri aliyekuja kwa mkataba. Kazi yake ilikuwa kufunga vifundo vya miguu vilivyoteguka na kuwapa watoto maji ya sukari, lakini alikuwa amesomea dharura za moyo na jambo lile lilikuwa likimkereketa. Jumanne moja, ukumbi hauna watu, alilivuta gunia la chumvi mpaka katikati ya theluji, akalilaza, akamwita Haroub.

"Mzee, huyu ameanguka. Moyo umesimama. Leta mashine."

Akabonyeza saa ya simu yake. Haroub, kwa haki yake, alikwenda mbio. Lakini alipofika stoo alikumbuka kwamba kitu hakitoki bila karatasi ya maombi, akarudi kuichukua saini ya Nyokabi. Kisha akatafuta kalamu. Kisha akaandika namba ya mashine, akafungua kabati, akatoa, akafunga kabati, akafunga na stoo kwa sababu ndani kuna vitu vyengine, ndipo akaja. Dakika saba na nusu.

"Hii gunia imekufa," Nyokabi alisema.

Alimweleza tena, kama alivyomweleza mara nyingi. Kila dakika inayopita, nafasi ya mtu kurudi inapungua. Zikifika kumi, unampiga umeme marehemu. Na hapo Haroub yupo kazini na ufunguo mfukoni, Ijumaa je? Mashine itundikwe ukutani, pale pale watu wanapotelezea, bila kufuli, kila mtu aione. Haroub akamuuliza, ikitundikwa na mtoto wa mtu akaondoka nayo, nani atakayekwenda Riyadh kujibu? Akampa dawa ya maneno yale palepale: atie saini yeye Nyokabi, iwe uhda yake, kisha aitundike hata shingoni.

Mkataba wake ulikuwa umebakiwa na wiki tisa. Alikuwa na binti aliyemwacha ana mwaka mmoja na nusu, ambaye sasa kwenye simu alikuwa akimwita bibi yake "mami" na yeye Nyokabi akimwita "auntie".

"Mimi nisign halafu nikwame hapa? Aai. Mimi naenda nyumbani."

"Basi umeona," Haroub alisema.

Waliachana hivyo, kila mmoja amemkasirikia mwenzake, na kila mmoja anajua mwenzake hakusema uongo. Nyokabi aliandika barua Riyadh. Baada ya wiki tatu ikaja jawabu ya mistari miwili: kifaa kinabaki katika uhda ya aliyenacho, na kampuni inamshukuru kwa ushirikiano wake.

*

Mtu wa nne katika habari hii ni Onyango, fundi wa mitambo ya baridi, mtu wa Siaya, huko huko Kenya, mrefu, wa mikono mikubwa. Mara mbili kwa mwezi aliteremka Jeddah kufuata vipuri, na akiteremka hula kwa Haroub. Nunu alimpenda kwa sababu alikuwa mgeni pekee anayeinuka na kuiosha sahani yake mwenyewe, na kwa sababu alikula samaki mpaka akabakisha miiba mitupu. Onyango alimtania Haroub kwamba siku moja atajifungia mwenyewe kabatini na ufunguo uko nje. Mara ya mwisho alipokuja alikuwa akilalamika mkono wa kushoto unamuuma mpaka begani. Alisema ni baridi ya ukumbini. Nunu akampa chupa ya mafuta ya karafuu, akamwambia ajisugue kabla ya kulala na ajifunike vizuri.

Ijumaa ya pili baada ya hapo, zilikuwa zimebaki siku tisa Haroub akabidhi stoo, watu wamerudi kutoka msikitini na sinia la wali limeshawekwa. Simu ya Haroub ikalia. Ilikuwa namba ya mmoja wa Wabangali wawili wanaokusanya theluji, lakini sauti ilikuwa ya Nyokabi, anahema kama anayepanda ngazi. Haroub alikuwa na mikono ya wali, kwa hivyo alikuwa ameiweka simu wazi juu ya mkeka, na nyumba nzima ilisikia.

"Mzee, kuna mtu ameanguka hapa mlangoni kwa stoo. Hapumui. Mimi niko kwa kifua yake, siwezi kumwacha. Waambie hawa wavunje kabati."

Haroub aliuliza wana kitu gani mkononi. Wana mtaimbo, akasema. Stoo imeshafunguliwa kwa ufunguo wa mlinzi, wamesimama mbele ya kabati na mtaimbo, na hawataki. Sauti ya Mbangali ikaingia, kwa Kiarabu cha kuokota: hii uhda Haroub, Haroub sema, sisi vunja, Haroub hapana sema, sisi mafi vunja. Nao walikuwa na ikama zao. Nyuma yao Nyokabi alisikika akihesabu, ishirini na moja, ishirini na mbili.

"Neno moja tu, Mzee. Sema wavunje."

Haroub alifungua mdomo. Lau angeachwa peke yake, pengine angelisema. Mtu huwezi kujua. Nunu alimshika kifundo cha mkono.

"Usiseme," alimwambia. "Siku tisa, Baba Jokha. Tumefika hapa. Piga Riyadh kwanza, aseme mwenye mali yake."

"Ngoja nipige Riyadh," Haroub akaiambia simu.

"Mzee, hapa hakuna ngoja."

Haroub akakata. Akafuta mikono, akampigia Abu Nayif, karani mkuu wa stoo za kampuni, ambaye kila uhda ya kila mfanyakazi ilikuwa kwenye faili lake. Hakupokea. Akapiga tena, hakupokea. Ijumaa baada ya sala, nani anapokea simu ya mtunza stoo? Mara ya tano akapokea, na kelele za watoto nyuma yake, anatafuna. Akauliza aliyeanguka ni mteja au mfanyakazi. Haroub akasema hajui.

Hajui kwa sababu hakuuliza. Yote mengine mtu anaweza kuyaeleza, hofu, ikama, Msudani na pampu yake. Lakini kuambiwa mtu ameanguka na usiulize ni nani, hilo linauma, na lilikuja kumuuma Haroub kuliko yote.

Abu Nayif aliuliza kama gari la wagonjwa limeitwa. Limeitwa. Basi, akasema, hiyo ni kazi yao. Mali ya kampuni isivunjwe, na Jumamosi Haroub aandike ripoti. Halas. Saa ya ukutani ilikuwa imetembea dakika kumi na nne tangu simu ya kwanza.

Angeweza kupiga tena juu mlimani. Hakupiga. Alikaa mkekani akaitazama simu, na Nunu akamwambia ale, wali unapoa. Akatia tonge moja. Saa tisa na nusu simu ikalia, ni Nyokabi, na safari hii hahemi.

"Amekufa. Gari imefika baada ya dakika hamsini. Ni Onyango."

Nunu aliinua sinia na wali wake wote akaenda nalo jikoni. Akakaa huko mpaka Magharibi.

*

Nyokabi alikuja Ruwais siku ya sita. Haroub alipomwona mlangoni alidhani amekuja kumtukana, na alikuwa tayari kutukanwa, angelipata nafuu kidogo. Lakini Nyokabi alikaa, akaiweka mikono mapajani, na akasema amekuja kwa ajili ya maiti. Onyango alikuwa bado kwenye jokofu la hospitali Taif. Ndugu yake anapiga simu kila siku kutoka Siaya. Wameshaita watu, wameshakata miti ya turubai, na kwao mtu hazikwi ugenini. Tiketi ya mzigo ipo. Ubalozi umeshapiga mhuri. Aliyebaki ni kampuni.

"Wanasema hawezi kusafirishwa mpaka uhda yake iishe."

"Maiti ana uhda?" Nunu aliuliza.

"Ako nayo. Vyombo vyake vya kazi. Mwenye kusign amevirudisha ni Mzee."

Nunu alimletea chai. Nyokabi hakuigusa, na Nunu hakumshurutisha, ingawa desturi ni kumshurutisha mgeni. Alibaki amesimama na birika mkononi.

"Siku ile aliyemzuia ni mimi," alisema. "Yeye alitaka kusema. Mimi ndiye niliyemshika."

"Nilisikia, Mama."

Haroub akauliza lile alilokuwa akiliogopa, kama ingelikuwapo mashine, ingemwokoa? Nyokabi alifikiri kabla ya kujibu. Alisema pengine ingemwokoa, pengine isingemwokoa. Dakika zile za mwanzo ndizo zenye tamaa, na mashine yenyewe ndiyo inayosikiliza moyo na kukwambia kama bado unatetemeka au umekwisha nyamaza. Sasa hatutajua. Kisha akasema, anaangalia mkeka, kwamba hata yeye aliambiwa atie saini, na alikataa. Ndipo akainua kikombe, akanywa chai yote iliyokwisha kupoa.

Haroub aliahidi kwamba vyombo vya Onyango atavipokea siku inayofuata. Alivijua kimoja kimoja, fundi yule hakuwa mtu wa kupoteza. Akapanda mlimani, akafungua sanduku, akahesabu na karatasi mkononi. Vilipungua viwili: drili ya umeme, na geji ya kupimia gesi ya mitambo. Alitafuta chumba cha mitambo, alitafuta juu ya dari, aliwauliza Wabangali, wakaapa. Pengine Onyango alimwazima mtu, pengine gari la wagonjwa lilipokuja na mlango ukawa wazi mtu alivichukua. Marehemu haulizwi. Haroub alikaa kwenye sanduku lile, mtu wa miaka kumi na mbili katika kazi ya stoo, na kwa mara ya kwanza akaichukia karatasi iliyokuwa mkononi mwake.

*

Stoo ilipokwisha kukabidhiwa, Riyadh walimwita yeye mwenyewe, aje na mashine. Alisafiri nayo kwa basi siku nzima, imekaa mapajani kama mtoto, akalala kwa binamu yake mtaa wa Al-Naseem, na asubuhi saa mbili alikuwa ofisini. Abu Nayif alimwacha akisubiri mpaka saa tano. Viti vilikuwa vya wateja, kwa hivyo Haroub alikaa juu ya boksi la karatasi. Mtumishi wa chai alipita na sinia mara tatu, akampa kila mtu, akamruka yeye.

Alipoitwa, Abu Nayif alivaa miwani na kuifungua mashine juu ya meza. Akatoa betri, akaitazama. Akatoa vibandiko vya kifuani, bado vimo ndani ya pakiti yake, haijachanwa. Mkasi mdogo upo. Wembe wa kunyolea nywele za kifua upo, na kifuniko chake. Akaisoma karatasi, akatia alama kila mstari, na uso wake ukawa unafunguka kidogo kidogo.

"Mashallah," alisema. Akawaita makarani wengine waje waone. "Mtazameni huyu Zanjibari. Mwaka mzima, na kitu kimekaa kama kilivyotoka kiwandani. Hivi ndivyo mtu anavyotunza uhda."

Makarani walikuja wakatazama. Mmoja alimpigapiga Haroub begani. Mtumishi wa chai akaletwa, na safari hii Haroub alipewa chai, tena kwenye kikombe chenye sahani. Abu Nayif alitia saini barua ya kuachiwa, akagonga mhuri, akaipulizia wino ukauke, akampa. Ilikuwa mkononi mwake, karatasi aliyoiota miezi minane. Haroub alisema ahsante kwa sababu hakujua neno jengine la kusema mahali kama pale.

Kisha akaitoa karatasi ya Onyango. Akaeleza kuhusu drili na geji, na kwamba mtu yule yuko kwenye jokofu, siku ya kumi na saba sasa. Abu Nayif alivua miwani.

"Faili halifungwi na vitu havipo. Vitafutwe."

"Nimevitafuta, bosi. Ndugu zake wanamsubiri wamzike."

"Amekufa, ya Haroub. Ana haraka gani?"

Akaongeza, kwa upole wa mtu anayefundisha, kwamba njia ni mbili. Ama vitu vionekane, ama apatikane mfanyakazi wa kuvichukua katika uhda yake mwenyewe, kama vile amevipokea. Lakini nani mwenye akili atakayebeba uhda ya maiti? Wewe mwenyewe ukifanya hivyo, barua hiyo naichana. Akacheka, akamwambia aende zake kwa kafili wake mpya, yalla, Mungu amfungulie.

*

Aliporudi Ruwais, Nunu alimpa Jokha barua aisome, kwa sababu Jokha ndiye mwenye Kiarabu cha kitabuni. Binti alisoma akitafsiri. Kampuni inamwachia mfanyakazi aliyetajwa na haina dai lolote juu yake. Kampuni inamshukuru kwa uaminifu wake, hasa kwa kuitunza mashine ya moyo, ambayo imekutwa katika hali yake ya asili, haijatumika hata mara moja.

"Basi, mwanangu," Nunu alisema. "Nenda kaangalie jiko."

Jiko lilikuwa halijawashwa, lakini Jokha aliondoka. Nunu aliikunja barua mara mbili, akaikunjua tena. Alikuwa ameisubiri kama watu wanavyousubiri mwezi wa Idi, na sasa aliona mikono yake haitaki kuishika. Akauliza habari ya Onyango. Haroub akamweleza yote, drili, geji, njia mbili za Abu Nayif, na maneno yake kwamba maiti hana haraka.

"Siku ngapi sasa?"

"Kumi na tisa."

"Baba yangu mie kafa asubuhi, Alasiri tushamzika," Nunu alisema. "Tuliona tumemchelewesha. Kumi na tisa, Baba Jokha? Na kwenye baridi ile ile?"

Nunu aliuliza, ikiwa mtu atavichukua vile vitu, nini kitatokea. Alikuwa anajua, alitaka tu lisemwe mbele yao wote wawili. Haroub akalisema. Barua inachanwa. Yule wa vigae wa Al-Safa atachukua mtu mwengine. Shaaban imebakia siku nane, na ikama ikiisha hawatakuwa na karatasi ya kutembelea hata mpaka dukani. Watoto skuli hawatapokelewa. Atakwenda kukaa mlimani kama yule Msudani, mpaka drili ionekane au mtu Riyadh amwonee huruma.

"Na sie tutakwenda wapi?"

"Sijui," Haroub alisema. "Wallahi sijui, Nunu. Ningejua ningekwambia."

Alianza kulia, mtu mzima yule, bila ya sauti, anajifuta kwa mkono wa kanzu. Alisema tangu siku ile anaisikia sauti ya Nyokabi akihesabu. Alisema hakuuliza ni nani, na lau angeuliza angelisema wavunje, anajua angelisema. Na hilo ndilo baya zaidi, kwa sababu maana yake angekuwa mtu mwengine yeyote angemwacha afe hivyo hivyo. Nunu alimwacha alie. Yeye hakuwa na machozi, alikuwa na hasira, na hakuwa na wa kumkasirikia ndani ya chumba kile isipokuwa watu wawili.

"Piga simu," alisema mwishowe.

Ilikuwa saa nne asubuhi, saa ya kazi, na Abu Nayif alipokea mara ya kwanza. Haroub aliiweka simu wazi juu ya mkeka. Akamwamkia, akamuuliza hali yake na ya watoto wake kama adabu inavyotaka. Kisha akasema drili na geji za Onyango aziandike kwa jina lake, Haroub Nassor, leo hii, na faili la marehemu lifungwe, asafirishwe.

Abu Nayif akamuuliza kama anaumwa. Akamuuliza kama ameelewa alivyoambiwa juzi kuhusu barua. Haroub akasema ameelewa, barua atairudisha kwa posta.

"Miaka hii yote hukupoteza hata kufuli," Abu Nayif alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyevunjiwa heshima. "Leo unabeba vitu ambavyo hata hukuviona?"

"Andika, bosi. Andika tu."

Kalamu ikasikika ikitafutwa, droo ikafunguliwa. Nunu alisogea karibu na simu.

"Mwambie aandike na langu," alimwambia mumewe.

Haroub aliifunika simu kwa kiganja. Akamnong'oneza kwamba mke haandikwi katika uhda ya kampuni, hana kazi kule, hana hata namba.

"Najua. Mwambie."

Akamwambia. Alitarajia kicheko, au simu kukatwa. Lakini Abu Nayif alikuwa karani tangu ujana wake, kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi, na karatasi ile ilikuwa na mstari mtupu chini ya jina la kwanza. Akauliza mke anaitwa nani.

"Nunu," Haroub alisema.

"Nunu binti nani?"

Haroub alitaka kujibu, Nunu akamzuia kwa mkono. Akaiinamia simu, akalitaja jina lake na la baba yake na la babu yake, pole pole, neno baada ya neno, asije akakosea kuandika.